Wimbo, Picha au Mdundo: Njia Tatu za Kuitungia Piano Nyumba Uliyokulia

Nyumba niliyokulia ilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa ile inayoitwa kwa namba badala ya majina. Uani palikuwa na kinu. Alasiri, mpunga ukitwangwa, bibi alikuwa akiimba mdomo umefumbwa, mchi ukipanda na kushuka, upepo wa baharini ukichezesha mabati, na kengele za baiskeli zikilia barabarani. Kwa mtoto, hayo yote ni sauti moja. Nilipoketi kwenye piano, mtu mzima sasa, nikitaka kuitungia nyumba ile kipande cha muziki, ndipo nilipoona kwamba zilikuwa sauti tatu zilizosukwa pamoja: wimbo wa bibi, ua wenyewe na hewa yake, na mdundo wa mchi. Kila moja inataka piano ipigwe kwa namna yake, na mtunzi hawezi kuzianza zote siku moja.

Ninafundisha piano, na swali la pa kuanzia ndilo ninaloulizwa zaidi na watu wanaotaka kutunga juu ya kwao. Ameniuliza kijana aliyejifunzia kinanda kanisani huko Moshi. Ameniuliza mama aliyekulia Wete ambaye sasa anaishi Maskati. Nimezijaribu njia zote tatu kwa kumbukumbu ile ile moja ya kinu, ili nizilinganishe bila upendeleo, na hapa naeleza nilichokikuta. Nitasema mapema ninakoegemea: mimi ni mtu wa mdundo. Lakini mdundo haumfai kila mtu, na sababu zake nitazitoa.

Njia ya kwanza: kuuchukua wimbo wenyewe

Wengi huanzia hapa, na si kosa. Unao wimbo: wa kubembelezea mtoto, wa mchezo wa watoto, wa harusini, kasida ya maulidi, tenzi ya kanisani. Unautafuta kwa kidole kimoja mpaka unaupata, kisha unauwekea mkono wa kushoto. Faida yake kubwa ni kwamba mtu wa kwenu akisikia anajua papo hapo. Huhitaji kumweleza. Anaanza kuufuatisha kwa mdomo kabla hujafika katikati.

Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, alifanya hivyo mwaka 1908 na 1909, alipotunga vipande 85 vya piano kwa ajili ya watoto, vyote vikitokana na nyimbo za vijijini za Wahungari na Waslovakia. Hakuweka oktavu, yaani sauti mbili za kupigwa pamoja zinazotaka mkono unyooke vibonye vyeupe vinane, kwa kuwa mkono wa mtoto haufiki. Ninawapa wanafunzi wangu vipande hivyo kwa sababu moja: mkono wa kushoto wa Bartók hauubebeshi wimbo mzigo. Mara nyingi unachota sauti zake kutoka ndani ya wimbo wenyewe, au unashikilia sauti moja tu chini kama mvumo.

Hapo ndipo tunapokosea sisi. Wengi wetu mambo ya kupanga sauti tumeyajua kupitia muziki wa kwaya, sauti nne, kwa mpangilio wa tenzi. Mkono wa kushoto umeshazoea kodi zile tatu, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja, na unakwenda wenyewe. Wimbo wa bibi ulikuwa na sauti tano tu. Mara ya kwanza nilipouwekea kodi hizo ukageuka tenzi ya Jumapili asubuhi. Mzuri, lakini si wa ua ule. Dawa niliyoipata ni kuondoa. Nikaitoa sauti ya kati ya kila kodi, nikabaki na mbili, ya chini na ya tano yake. Kisha nikaacha mkono wa kushoto ukae kimya wakati wimbo unasema, ujibu wimbo unapovuta pumzi, kama kiitikio kinavyompokea mwimbishaji. Wimbo ukarudi nyumbani.

Shida ya pili ni maneno. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwimbaji anaufuata mkazo huo hata asipojua kwamba anaufuata. Piano haina maneno. Ukizipiga sauti zote kwa uzito mmoja, kile kilichoufanya wimbo uwe wa Kiswahili kimekwenda. Na kuna mizani. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, minane kisha minane, na kina katikati. Aliyekulia kwenye mashairi na taarabu anausikia mkato ule hata pasipo maneno, na usipompa pumzi pale katikati anahisi kama anasukumwa. Kwa hiyo ninawaambia wanafunzi waandike maneno ya wimbo chini ya nota, ingawa hakuna atakayeyaimba, na wayatamke kimoyomoyo wanapopiga. Mkono unatii ulimi.

Shida ya tatu ndiyo inayowaangusha watu wa visiwani. Ikiwa wimbo wa kwenu ni wa taarabu ya qanuni na udi, ya namna iliyolelewa Unguja na vikundi kama Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905, chunguza kwanza ni maqamu gani, yaani umejengwa kwa mpangilio upi wa sauti wa muziki wa Kiarabu. Piano imegawa oktavu mafungu 12 yaliyo sawa. Nahawandi, Hijazi, Kurdi na Ajam zinakaa humo bila ugomvi mkubwa. Rasti na Bayati hazikai. Sauti ya pili ya Bayati iko katikati ya vibonye viwili, robo tatu ya toni kutoka sauti ya kwanza, na piano inakupa ama ya chini mno ama ya juu mno. Ujanja upo: unakigusa kibonye cha chini kwa haraka sana na kutua kwenye cha juu, na sikio linapata kivuli cha ile sauti ya katikati. Ujanja huo unafaa sauti inayopita. Haufai sauti ndefu, ile ambayo mwimbaji anaikalia mpaka ukumbi unapiga kelele. Hapo piano itasema uongo, na kila aliyekulia na udi atausikia.

Sisi wa Tanga tulikuwa na bahati. Taarabu ya mji wetu ya miaka ya 1960 na 1970, ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, ilijengwa juu ya magitaa, na gitaa lina vigawio vyake vilivyopigiliwa shingoni. Sauti zake zilishakubaliana na piano kabla mimi sijaigusa piano yoyote. Hii ndiyo sababu watu wawili waliolelewa na taarabu, mmoja Tanga na mmoja Unguja, wanaweza kupewa ushauri tofauti kabisa.

Na kama wimbo una mtunzi anayejulikana, omba ruhusa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo nyimbo nyingi za redioni za utoto wetu bado zina wenyewe.

Nilichojifunza kwa kipande changu ni kwamba njia hii ni nyepesi kuanza na ngumu kumaliza. Dakika moja ya kwanza ilikuwa tamu. Ya pili sikujua nifanye nini. Wimbo wa bibi ulishakamilika kabla sijazaliwa, haukunihitaji. Kila nilichoongeza kilikuwa pambo, na mapambo yalipozidi ukawa si wake tena. Kwa mtu anayetaka kipande kifupi cha dakika moja na nusu, cha kumpigia mama yake siku ya sikukuu, siioni njia iliyo bora kuliko hii. Anayetaka kitu kirefu atahitaji kingine cha kushikia.

Njia ya pili: kuuchora ua bila kuimba wimbo

Hapa huchukui wimbo wowote. Unachukua mvua juu ya mabati, kivuli cha mnazi, hatua za mtu anayeingia na ndala, mlango wa uani. Hii ndiyo njia yenye vipande maarufu zaidi vya piano juu ya utoto. Robert Schumann mwaka 1838 alitunga vipande vidogo kama 30, akavichuja, akabakiza 13. Si vya kupigwa na watoto. Ni mtu mzima anayekumbuka. Majina aliyaweka baada ya kutunga. Nayataja haya kwa sababu wanafunzi wangu huanza na jina, “Nyumba ya Babu”, kisha wanakaa wiki tatu wakitafuta sauti za kulijaza jina hilo. Tunga kwanza. Tunga vingi, vifupi. Jina litakuja lenyewe siku utakapojua ulichokuwa unakumbuka.

Lakini aliyenifundisha njia hii ni Leoš Janáček. Alizaliwa mwaka 1854 Hukvaldy, kijiji cha Moravia, katika Ucheki ya leo, na mwaka 1900 alianza kutunga vipande vifupi vya kumbukumbu za huko. Vya mwanzo alivitungia harmoniamu, kile kinanda cha kukanyaga ambacho wengi wetu tumekiona kwenye makanisa ya zamani ya misheni. Baadaye vikawa vya piano. Mwaka 1903 binti yake Olga akafa, akiwa na miaka 20. Kitabu cha vipande 10 kilipotoka mwaka 1911, kumbukumbu za kijiji na msiba wa mtoto vilikuwa vimeshikana na havitenganiki. Kipande cha mwisho ni cha bundi ambaye hakuruka kwenda zake. Kwao, kama kwetu pwani, bundi anayelia juu ya nyumba yenye mgonjwa anaogopwa. Nilipoijua habari hiyo nilikipiga kipande kile nikiwa na hofu ile ile niliyokuwa nayo usiku, utotoni, nikisubiri mtu mzima atoke nje amfukuze. Si wimbo wa Moravia ulionifikia. Ni bundi mwenyewe.

Mimi nilijaribu mvua. Mvua ya mabati haianzi kwa mpigo. Inaanza kwa matone ambayo huwezi kuyahesabu, kila moja likija kwa wakati wake, kisha ghafla inakuwa kitu kimoja kizito kisicho na mpigo kabisa, watu ndani wanaacha kuongea kwa sababu hawasikiani. Ikikatika, kinabaki kitone cha ukingoni mwa paa kinachoangukia ndoo. Nilikipata kitu hicho kwenye vibonye vya juu kabisa: sauti moja moja, nikihakikisha nafasi kati ya sauti na sauti hazilingani hata mara mbili, kisha mikono ikipokezana haraka na pedali imekanyagwa nusu, ili sauti zichanganyike bila kuwa uji. Halafu kimya, na kitone cha ndoo, chini kidogo, polepole.

Ilikuwa mvua nzuri. Lakini ilikuwa mvua ya popote. Piano inapenda maji. Watunzi wa Ufaransa wameyachora maji kwa ufundi ambao sitaufikia, na mvua yangu ingeweza kunyesha Paris. Hapa ndipo wengi wanapokwama kwenye njia ya picha. Wanazidisha sauti, wakati kinachokosekana ni lugha.

Mwalimu wa jambo hili tunaye karibu. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923, akapelekwa Uswisi akiwa mtoto mdogo kusoma, akajifunza fidla huko. Baadaye akawa mtawa. Rekodi yake ya kwanza ya piano peke yake ilitoka Ujerumani mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1984 aliishi Yerusalemu, kwenye monasteri ya Waethiopia, mpaka alipofariki mwaka 2023. Mtu aliyeondoka nyumbani mara nyingi kiasi hicho ana haki ya kutufundisha kuhusu kumbukumbu. Vipande vyake ni vyake mwenyewe, lakini vidole vyake vinatembea kwenye zile skeli za sauti tano za Ethiopia, mojawapo ikiitwa tizita, neno ambalo maana yake ni kumbukumbu. Mwendo wake haufungwi na hesabu. Unakwenda kama pumzi ya mtu anayewaza. Sikiliza nusu dakika tu na utajua umefika wapi.

Basi nikafanya hivi: nikachukua zile sauti tano za wimbo wa bibi, bila wimbo, nikajikataza nyingine zote. Mvua yote, ndoo, upepo, vyote kwa sauti tano. Siku ile ile mvua ikahamia Ngamiani. Katika yote ninayoyaandika hapa, kama utachukua jambo moja tu, chukua hili la kuchagua sauti chache ambazo nyumba yenu ilisema kwazo, na kufunga mlango kwa zilizobaki.

Kuna sauti moja sikuichora. Msikiti ulikuwa karibu, na wanafunzi wengi wa pwani huniletea kipande chenye adhana ndani yake, wameifuatisha kwa mkono wa kulia. Ninaelewa kwa nini. Hakuna sauti iliyoigawa siku yetu kama ile. Lakini kwangu adhana ni mwito, si mahadhi ya kuazimwa. Nilichokumbuka ni kwamba ilipoanza, michi ilisimama. Kwa hiyo kwenye kipande changu kila kitu kinasimama, sauti moja ya chini imeachwa ifie pedalini, kwa muda mrefu kuliko anavyotarajia msikilizaji. Waliokulia huko wanaujua ukimya ule ni wa nini.

Njia hii inamfaa aliyelelewa kwenye nyumba isiyo na nyimbo, kwa mfano kota za serikali ambako kila jirani alikuwa na lugha yake. Inamfaa aliye mbali, na ambaye nyumba yao haipo tena, kwa kuwa picha hustahimili hata pale maneno ya wimbo yalipopotea. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayeweza kukwambia umekosea. Mvua yako ni yako. Mtu wa kwenu atasema “nzuri”, na hutajua kama ameiona au anakuheshimu.

Njia ya tatu: kuuanza mdundo

Piano ni kitu cha kugongwa. Ukibonyeza, nyundo inapiga nyuzi. Wazee wa muziki wa Afrika Magharibi waliligeuza jambo hilo kuwa njia kamili ya kutunga. Akin Euba wa Nigeria, aliyefariki mwaka 2020, aliipa jina na kuitetea maisha yake yote: piano ichukuliwe kama ndugu wa marimba na ngoma, yenye mafungu mafupi yanayorudiwa, yanayopishana, mkono mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu kabla swali halijaisha. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alichapisha vipande 12 vya kufundishia kwa njia hiyo mwaka 1994. Anayeanza aanze na hivyo. Si vigumu sana kwa vidole, ila vinamtaka awe na hesabu mbili kichwani kwa wakati mmoja.

Nilipokwenda kwenye kinu kwa njia hii, sikutafuta. Mikono ilijua. Nilikuwa nimetwanga mwenyewe nilipokuwa mtoto, nikapewa mchi mwepesi, na mkono uliotwanga hausahau kasi. Maneno ya wimbo wa bibi nimeshapoteza nusu, na rangi ya mlango wa uani tunabishana mpaka leo na ndugu zangu. Kasi ya mchi sibishani na mtu.

Kinu kina sauti mbili. Kuna ile nzito, mchi ukizama kwenye mpunga, na kuna ile kali, mchi ukigusa ukingo, ambayo watwangaji huiweka kwa makusudi, kama pambo. Nzito niliipa mkono wa kushoto, sauti mbili za chini zilizoachana kwa tano, fupi, bila pedali hata kidogo. Kali nikaipa mkono wa kulia, sauti moja ya juu, kavu. Nilikumbuka watwangaji wawili, wakipokezana: huyu, yule, huyu, yule. Nafasi zinalingana lakini uzito haulingani, kwa sababu mmoja alikuwa na nguvu kuliko mwenzake, na tofauti hiyo ndogo ya uzito ndiyo inayomfanya msikilizaji aone watu badala ya mashine. Ukizilinganisha umepata saa ya ukutani.

Juu ya hayo unaweza kuweka karibu chochote na kikasimama. Hapo ndipo njia hii inapozishinda nyingine: kurudia hakuchoshi. Wimbo ukirudiwa mara nne msikilizaji anataka kuondoka. Mdundo ukirudiwa mara arobaini, ukibadilika kidogo kila baada ya muda, anazama. Nilipata dakika tano bila kujilazimisha.

Tatizo la kwanza ni mafunzo yetu wenyewe. Chukua chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini huku pwani. Ndani yake mbili na tatu zinakwenda pamoja. Mwili wa mchezaji unazishika zote. Mwanafunzi aliyefundishwa na metronomu, kile chombo cha kuhesabia mapigo, anaikata vipande, mkono wa kushoto mbili, wa kulia tatu, anajumlisha kama hesabu za darasani, na kinachotoka ni sahihi na kimekufa. Mimi huwaondoa kwenye piano kabisa. Tunapiga mapajani siku nzima. Wenye kinu nyumbani nawaambia wakatwange kisamvu.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni mdundo usio na kwao. Vinanda vya umeme vina midundo iliyowekwa kiwandani yenye jina la Afrika, na sikio lililokaa nayo miaka mingi huamini hiyo ndiyo ya nyumbani. Mwanafunzi akiniletea kipande cha namna hii namuuliza: ni kazi gani hii? Watu wangapi? Wamekaa au wamesimama? Akiwa na majibu, kipande kinapona. Asipokuwa nayo, namrudisha akaulize wazee.

Nani achague ipi

Yule kijana wa Moshi alikuwa na nyimbo nyingi mno, zote za kwaya, zote anazijua sauti nne kwa moyo. Nilimshauri njia ya kwanza, lakini kwa sharti la kuanza na sauti ya kwanza peke yake, mkono wa kushoto umefungwa mgongoni, wiki mbili. Alilalamika. Wiki ya tatu aliruhusiwa sauti moja ya chini. Kipande chake kina sauti tatu tu mahali penye nyingi zaidi, na ndicho kilicho kweli kuliko vyote alivyowahi kuniletea.

Mama wa Wete alikuja na wimbo wa Bayati. Tuliujaribu, na kila tulipofika kwenye ile sauti ya pili alikunja uso. Nikamuuliza anakumbuka nini kingine. Akasema karafuu: zimeanikwa majamvini, wanawake wamekaa wanachambua, vikonyo huku, karafuu kule, na mazungumzo hayaishi. Mimi nilisikia mdundo hapo, nikamsukuma upande huo. Hakutaka. Alitaka jua la alasiri na yale mazungumzo ambayo mtoto anayasikia bila kuyaelewa, na alikuwa na haki. Alitunga picha, mkono wa kulia ukisema sentensi fupi fupi zisizoisha. Bayati aliiacha kwa ajili ya udi.

Kama bado hujui wewe ni wa njia gani, kaa mbali na piano jioni tatu na uifikirie nyumba tu. Ukija wimbo ukiwa na mwanzo na mwisho wake, nenda na wimbo. Pakija mahali pakiwa na saa yake, unajua jua lilikuwa wapi na kivuli kimefika wapi, nenda na picha. Ukiona mguu wako unatikisika chini ya kiti, huna haja ya kuniuliza.

Chombo nacho kinachagua kwa kiasi fulani. Kinanda cha umeme cha vibonye 61 kinatosha njia ya kwanza, na baadhi ya vinanda vinavyotumiwa kwenye taarabu vina vitufe vya robo toni, kwa hiyo mwenye Rasti au Bayati ni afadhali akitafute cha namna hiyo kuliko kuing'ang'ania piano. Njia ya picha inataka nyuzi za kweli na pedali ya kweli, kwa sababu nusu ya kazi inafanywa na sauti inayobaki hewani. Pwani hilo lina gharama, maana hewa ya chumvi na unyevu huiharibu piano na mafundi wa kuikaza nyuzi ni wachache. Njia ya mdundo inataka vibonye vyenye uzito, vinginevyo mchi unakuwa mwepesi kama kijiko. Anayetaka kusikia piano na qanuni karibu karibu kabla hajaamua aende Unguja, kwenye Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002. Kuhusu kuandika, rekodi kwanza kwa simu, kila siku, hata vibaya. Nota utaandika baadaye, na programu ya MuseScore ni ya bure.

Kipande changu cha kinu mwishowe kilisimama juu ya mdundo, kikiwa na zile sauti tano na ule ukimya wa adhana. Wimbo wa bibi unapita mara moja tu, karibu na mwisho, haujakamilika. Nilipokwenda Tanga nilimpigia shangazi, dada yake baba, kwenye kinanda cha kuazima sebuleni kwake. Alisikiliza mikono imekaa mapajani. Kwenye ule ukimya aliinamisha kichwa, nikajua pale nimepata. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza:

“Hapo wanatwanga wangapi?”

“Wawili, shangazi.”

“Hapana, mwanangu. Bibi yako, mama yako, na mimi. Tulikuwa watatu.”

Akanipigia kwa viganja mezani: wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa tatu ulikuwa wake, umechelewa kidogo kuliko wenzake. Nimerudi kazini tangu siku ile. Mikono ni miwili, kwa hiyo mchi wa shangazi nimeupa vidole gumba, kimoja kikiupokea kutoka kwa kingine katikati ya piano, ufundi ambao mpiga piano Sigismond Thalberg aliwashangaza nao watu wa Paris miaka ya 1830 wakadhani ana mikono mitatu. Bado haujakaa sawa. Gumba langu la kushoto linawahi, na shangazi hakuwahi.